Spika wa Mtori

Ukishuka Tengeru siku ya soko ukauliza Mama Hanna anapatikana wapi, utazungushwa mpaka viatu vibadilike rangi, maana akina Mama Hanna pale ni wengi kama karoti. Lakini uliza, "Banda la Spika liko wapi?" Loo! Utashikwa mkono. Hata wauza nyanya, ambao hawaachi meza zao kwa lolote, watakuonyesha kwa kidevu: kule, nyuma ya mitumba, penye moshi na kelele.

Spika mwenyewe jina lake ni Anyesi. Mmeru wa Akeri, mwanamke wa mwili wake, mwenye sauti ya kuita ng'ombe na kicheko kinachoanzia tumboni. Kazi yake ni mtori. Alianza biashara hiyo bintiye Hanna akiwa mgongoni, na leo Hanna ana watoto wake huko Kimandolu, Anyesi bado anapika mtori. Mshauri aongeze na chipsi kwenye biashara, uone atakavyokutazama. Utatamani ungenyamaza.

Mtori anaunywa kila mtu: dereva, karani, mlevi aliyeamka na kichwa kizito. Ni ndizi mshare na nyama tu, vichemke pamoja mpaka vilainike, kisha vipondwe kwa mwiko mpaka mkono uume. Lakini mwenye mtori hasa ni mzazi. Upande huu wa mlima, mwanamke akijifungua watu huulizia mtori kwanza, jina la mtoto baadaye. Na mtori wa Anyesi hauendi kimyakimya. Anaubeba mwenyewe, sufuria limefungwa kwa kanga, anatembea katikati ya barabara. Akifika getini kwa mzazi anatua mzigo, anavuta pumzi, anapiga vigelegele mpaka watu wa ng'ambo ya korongo wanajibu bila hata kujua nani kazaa. Kuku hukimbia. Mtoto wa watu, mgeni hapa duniani, hushtuka akaangua kilio, na hapo Anyesi husema, "Haya, mapafu anayo. Nifungulieni."

Sasa, huo uspika. Ulimjia bila kuuomba.

Ulikuwa msimu wa Bunge, na kule Dodoma mbunge mmoja mwanamke alikuwa amesimama na muswada wa kurekebisha sheria ya utoaji mimba. Alitaka sheria iseme wazi ni wakati gani daktari anaruhusiwa kuitoa, kama uhai wa mama uko hatarini, au msichana amebakwa, pasipo mtu kuogopa jela. Ukumbi ukawaka moto. Na kwa kuwa banda la Anyesi lina televisheni juu ya kabati la sahani, moto ukahamia Tengeru siku hiyohiyo.

Watu walibishana, we! Mwalimu Elihuruma, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, anayekuja na kijiko chake mwenyewe mfukoni kwa sababu anazozijua yeye, alipandwa na jazba mpaka akachota kwenye bakuli la jirani. Jirani naye akainuka na bakuli. Anyesi akaona mtori wake unakaribia kumwagwa kwa ajili ya siasa, akapiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, paa!

"Oda! Oda! Hapa kwangu anayetaka kusema atashika huu mwiko. Asiye na mwiko anakunywa."

Banda zima likaangua kicheko, na mtu mmoja nyuma akaita, "Sawasawa, Mheshimiwa Spika!" Basi. Jina likaganda hapo.

Kuanzia hapo kila soko banda lilikuwa linajaa kabla mtori haujaiva. Walipiga meza badala ya makofi. Walisimama na kusema, "Taarifa, Mheshimiwa!" kwa jambo lolote lile, hata chumvi ikipungua. Kijana mmoja muuza vitunguu alisimama kwa heshima zote akalalamika kwamba supu imepoa, na Anyesi akamjibu, "Hiyo si hoja, ni malalamiko. Kaa chini, na ufute kauli." Kijana akafuta kauli. Anyesi alikuwa na furaha kuliko siku zote za maisha yake. Kumbe kutawala watu kutamu hivi!

Kambi zilikuwa mbili. Waliokaa upande wa jiko waliukataa muswada, na kiongozi wao alikuwa Fransiska, mmenyaji wa ndizi wa Anyesi na rafiki yake tangu wote wawili wana viuno vya kuonekana. Fransiska ni Mkatoliki wa damu, rozari shingoni hata akimenya. Mikono yake ni myeusi kwa utomvu mwaka mzima. Waliokaa upande wa mlango waliutaka muswada, na hao waliongozwa na Bi Zamda, muuza viungo. Bi Zamda kazaliwa Kaloleni, mjini, na kabla ya kuuza iliki na mdalasini alikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake mpaka alipostaafu.

"Mheshimiwa Spika," Fransiska alikuwa akisema, mwiko kifuani, "mimi si msomi. Lakini kilichomo tumboni ni mtu. Hajasema, hajalia, ni mtu. Mkisema huyu atoke kwa sababu hii na yule kwa sababu ile, kesho sababu zitakuwa nyingi kuliko watoto. Nani atamsemea asiye na mdomo?"

Upande wa jiko ukapiga meza.

"Mheshimiwa Spika," Bi Zamda naye alijibu, "mwenzangu kasema kweli yake, nami niseme yangu. Nimewaona mabinti wakiletwa wodini wamechelewa, kwa sababu wameogopa kuulizwa. Wengine nimewafunga kanga ya mwisho kwa mikono hii. Hao nao walikuwa na mdomo, ila waliufumba kwa hofu. Nani atawasemea?"

Upande wa mlango nao ukapiga meza, na Mwalimu Elihuruma, aliyekuwa kambi ya jiko, akajikuta naye amepiga. Ikabidi aombe radhi.

Watu walimuuliza Anyesi yeye yuko wapi. "Spika hana upande," alikuwa akijibu, na kupakua. Lakini kichwani alikuwa hajui. Akimsikiliza Fransiska alimwamini, akimsikiliza Zamda alimwamini vilevile.

Mzaha ukaanza kuwa mchungu. Hawa wanawake wawili walikuwa wanakula Idi na Krismasi pamoja. Kuku wa Krismasi wa Fransiska huchinjwa na mjukuu wa Bi Zamda ili kila mtu ale kwa amani. Sasa wakaacha kusalimiana. Fransiska akawa anamenya amempa mgongo mwenzake, na Zamda akawa anaweka iliki mezani kwa Anyesi pasipo kusema karibu. Halafu Jumamosi moja, habari ilipotoka kwamba Dodoma wanakaribia kupiga kura, banda nalo likataka kura yake. Wakainua mikono. Anyesi akahesabu, akarudia. Sawa kwa sawa.

"Kura ya Spika!" wakapiga kelele. "Spika aamue!"

Anyesi akawatazama Fransiska na Zamda, mmoja huku mwingine kule. "Naahirisha shughuli za Bunge mpaka Jumatano," akasema haraka, na kukimbilia jikoni.

Fransiska akamfuata huko. Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza. "Mama Hanna, mimi nakwambia mapema. Ukipiga ndiyo, tafuta mmenyaji mwingine. Siwezi kumenya ndizi kwenye nyumba iliyosema ndiyo."

Na jioni ile Bi Zamda alipopita kuchukua vyombo vyake alisema, "Ukipiga hapana, sitakulaumu. Lakini usinitarajie hapa tena."

Jamani! Mwanamke wa watu akalala na mzigo huo. Tangu Jumamosi mpaka Jumatano Anyesi hakucheka, na Hanna alipopiga simu kutoka Kimandolu akaogopa mama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anaona kwamba kwa neno moja tu atampoteza mmoja wa watu wawili anaowapenda, na hajui amtoe yupi.

Jumatano ikafika. Mlima ulikuwa wazi, soko limefurika, banda limejaa mpaka watu wamekaa juu ya magunia. Lakini kigoda cha Fransiska kilikuwa kitupu. Ndizi zilikuwa zimelala kwenye tenga na maganda yake. Na kiti cha Bi Zamda kando ya mlango kilikuwa kitupu pia.

"Mheshimiwa Spika," Mwalimu Elihuruma akasimama na kijiko chake, "akidi imetimia. Tunaomba kura."

"Subiri, Mwalimu."

Mara Bi Zamda akatokea, si kwa mlango wa mbele, bali kwa jikoni, mtandio umekaa upande, macho mekundu. Akamvuta Anyesi nyuma ya jiko.

"Naisula," alinong'ona. "Mimba imeharibika. Jana asubuhi."

Naisula ni mkwe wa Fransiska, binti wa Kiarusha kutoka Olasiti, aliyeolewa na mwanawe Frederick, dereva wa watalii ambaye wakati huo alikuwa mbugani na wageni. Ndiyo mimba yake ya kwanza. Fransiska alikuwa ameshanenepesha mbuzi, ameshachagua mikungu ya mshare shambani, na sufuria la mtori alikuwa ameshaliwekea nafasi kwa Anyesi kama watu wanavyowekea ukumbi wa harusi.

"Mungu wangu. Yeye mwenyewe?"

"Mzima. Alitoka damu nyingi lakini tulimuwahisha, na hospitali walimpokea vizuri. Karudi leo asubuhi."

"Tulimuwahisha? Wewe na nani?"

"Na Fransiska. Alinipigia simu."

"Si hamsalimiani!"

"Hakunisalimia," Bi Zamda akasema, baina ya kicheko na kilio. "Alisema tu, 'Zamda, vaa, nakupitia.' Nikavaa. Sasa amejifungia ndani na yule binti. Anasema Tengeru nzima inazungumzia utoaji mimba, na mkwe wake amerudi tumbo tupu, watu wataunganisha wenyewe. Wamempitisha njia ya nyuma, Mama Hanna. Migombani."

Njia ya nyuma.

Hiyo njia Anyesi alikuwa anaijua. Mwanamke aliyezaa hupita mbele, kwa vigelegele. Aliyepoteza hupitishwa migombani, akiwa ameinamisha kichwa, na huingia ndani kama mtu aliyechelewa kurudi. Hakuna aliyeitunga hiyo sheria kwenye Bunge lolote, lakini imefuatwa kuliko nyingi zilizotungwa. Anyesi mwenyewe alipita hapo, kabla ya Hanna, akiwa bibi arusi mchanga. Alikuwa na baridi mpaka mifupani, akamwomba mama mkwe wake mtori kidogo, hata kikombe. Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimtazama kwa mshangao na kusema, "Mtori wa nini, na hujazaa?" Akapewa chai ya rangi. Anyesi hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, hata Fransiska. Alijifunza kupika mtori mwaka uleule.

Akarudi bandani, akachukua mwiko. Akapiga mfuniko.

"Waheshimiwa! Leo hakuna kura. Kila mwenye mikono aje amenye ndizi. Kuna mgonjwa anasubiri chakula."

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa..." Mwalimu Elihuruma alianza.

"Utaratibu ndio huu, Mwalimu. Shika kisu."

Laiti ungekuwepo! Kambi ya jiko na kambi ya mlango wakazunguka tenga moja, hakuna aliyeuliza mgonjwa ni nani, na hakuna aliyejua kumenya. Muuza vitunguu alikata nusu ya ndizi pamoja na ganda. Mwalimu alimenya moja kwa umakini mkubwa, kama anasahihisha mtihani, na alipomaliza wenzake walikuwa wamemaliza mkungu. Utomvu ukawajaa vidoleni, wakachekana. Bi Zamda akaangalia nyama, akatia iliki kidogo, jambo ambalo Mmeru yeyote angelipigia kelele, na Anyesi akajifanya hakuona. Mtori ukaiva. Akauponda mwenyewe, kwa nguvu, na machozi yakimdondoka akasema ni moshi.

Kisha akalifunga lile sufuria kubwa, lile lililowekewa nafasi, kwa kanga mpya. Akalibeba. Bi Zamda akabeba vikombe. Wakapanda kwenda Akeri, na Anyesi akatembea katikati ya barabara kama kawaida yake.

Walipofika getini kwa Fransiska akatua mzigo. Bi Zamda akadhani watagonga taratibu. Mwenyewe Anyesi alisimama kidogo. Kwenye geti, na mtori mbele yake, hajawahi kukaa kimya. Lakini na kupiga vigelegele mbele ya nyumba iliyofiwa na tumaini lake, nani amewahi? Kimya basi? Aingie amejikunja, kama mtu aliyeleta kitu cha wizi? Aa, hapana. Ile chai ya rangi ilimpanda kooni baada ya miaka yote ile. Akavuta pumzi.

Akapiga.

Ng'ambo ya korongo wakajibu, maana ndio mazoea yao. Kuku wakakimbia. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo na Fransiska akatoka kichwa wazi, uso umevimba kwa kulia.

"Anyesi! Unanicheka? Leo, mimi, unanicheka?"

"Sikucheki."

"Hakuna mtoto humu! Vigelegele vya nani?"

"Vya Naisula," Anyesi akasema, na sauti yake ya kuita ng'ombe ikawa ndogo. "Amekwenda na amerudi, Mama Fredi. Angeweza asirudi. Mimi nilirudi kwa njia ya nyuma, kabla ya Hanna, na hakuna aliyenipigia hata kofi moja. Nikadhani labda sikurudi. Fungua geti."

Fransiska akamtazama. Akalitazama sufuria. Akamtazama Bi Zamda na vikombe vyake, na vidole vya wote wawili vyeusi kwa utomvu kama vyake. Kisha akakaa chini palepale, kwenye jiwe la getini, akalia kwa sauti, na wenzake wakakaa naye, mmoja huku na mmoja huku, na wakalia vizuri. Walipomaliza Fransiska akajifuta kwa upindo wa kanga. Akanusa.

"Nani katia iliki kwenye mtori?"

"Mimi," Bi Zamda akasema.

"Mtu wa mjini ni mtu wa mjini tu. Ingieni."

Naisula alikuwa amejilaza amegeukia ukuta. Alikunywa kikombe cha kwanza kwa kulazimishwa, cha pili kwa kuombwa, na cha tatu alikiomba mwenyewe. "Mama, nilisikia vigelegele," akamwambia mama mkwe wake. "Kwa jirani kuna nini?"

"Si kwa jirani," Fransiska akajibu. "Ni vyako."

Jumamosi Fransiska alikuwa kwenye kigoda chake kabla ya watu wote. Dodoma, muswada ulikuwa umerudishwa kwenye kamati, na katika banda hakuna aliyekumbuka hata kuwasha televisheni. Fransiska akanyanyuka, akauomba mwiko.

"Mheshimiwa Spika, mimi bado nasema hapana kwa ule muswada. Mtu asije akadhani nimelainika. Na Zamda bado anasema ndiyo, nimemuuliza njiani."

"Nasema ndiyo," Bi Zamda akasema kutoka mlangoni.

"Lakini nina hoja yangu. Kuanzia leo, mwanamke yeyote wa huku anayerudi kutoka hospitali, aliyezaa, aliyepoteza, hata yule ambaye hatujui kilichomkuta, na hatutamuuliza, atapelekewa mtori. Kwa barabara ya mbele. Na vigelegele. Ndizi nitamenya mimi. Naomba kutoa hoja."

"Naafiki!" Bi Zamda akaruka, kiti kikaanguka.

Anyesi akamwangalia rafiki yake. Ikabidi apige mfuniko ili apate pa kuficha uso. "Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyoooo!"

"Wasioafiki?"

Hata kijiko hakikulia. "Waliosema ndiyo wameshinda!" Meza zikapigwa mpaka bakuli likavunjika, na Anyesi akacheka kile kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu ile kura.

"Mheshimiwa Spika," Mwalimu Elihuruma akasimama, vidole vyake bado vyeusi, "na kura yako je? Bado tunaidai."

"Nitaipiga siku nitakayokuwa na hakika, Mwalimu. Leo sina."

"Hata ukipiga ndiyo, nitamenya," Fransiska akasema huku kainama kwenye tenga lake. "Nitanuna. Lakini nitamenya."

Mwezi haukuisha, siku ya soko, Naisula akaja bandani kwa mara ya kwanza tangu augue. Alikuwa amefunga kilemba, amekonda kidogo. Alipoona watu walivyojaa akasita, kisha akazunguka nyuma, aingilie jikoni, penye maganda, asionekane. Fransiska akamwona. Akaacha ndizi, akainuka na kisu chake mkononi.

"We Naisula! Huko unakwenda wapi?"

"Nakuja, mama. Napita tu huku."

"Huku hakupitwi tena. Zunguka. Pita mbele, mwanangu."

Naisula akazunguka. Na alipokanyaga kizingiti cha mbele aliyepiga kigelegele cha kwanza siye Anyesi. Alikuwa Fransiska, kwa sauti ya kukwaruza, hajui hata kukipiga vizuri, na banda zima likampokea.